Funguo za Kaya Bila Mwene

Ufukoni, Mtwara
12 Januari 2025

Mjomba Domingo,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mama, na usiseme zimechelewa, maana zimepanda gari la Mussa, na Mussa husimama kila penye mtu anayemjua. Mama hajambo. Magoti tu ndiyo yanamsumbua akitoka kanisani, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote: jana kanisema tangu uji wa asubuhi mpaka chakula cha mchana kwa sababu nilinunua ming'oko iliyochemshwa barabarani badala ya kuchemsha nyumbani. Steshenari inakwenda. Shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka kutoa kopi leo hii hii. Wewe je, mguu unaendeleaje? Na viboko wamekuachia mpunga, au ndiyo wameamua kuwa wakulima wenzako?

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati tunakutana kila siku kwenye mchezo wetu wa simuni. Ni kwa sababu ya wapelelezi. Usicheke! Sabra wa Mikindani ana hakika kwamba kwenye kundi letu la simu yumo mtu anayepeleka maneno yetu yote kwa Kunguru, wale wavamizi wa kanda za wenzao, na ubao wa kanda yetu mchezoni nao kila mtu anausoma. Nikaona hakuna mpelelezi wa dunia hii atakayetoka kwao kwenda kumvizia Mussa kwenye barabara ya Mahurunga.

Sasa nisikilize, na hata yale unayoyajua niache niyaseme, usije ukaniambia kesho sikusema. Huu ni mwaka wa sita tangu ulipoianzisha Kaya Bila Mwene, kanda isiyo na mtawala. Ulikuwa umelala kwetu na mguu kwenye plasta, simu yangu mkononi, ukaniuliza: huu mchezo wa kutawala nchi unachezwaje bila kumtawala mtu? Leo kanda yetu ina mataifa thelathini na kitu. Wapo wa Mtwara, wapo wa ng'ambo ya Ruvuma, wapo wa Brazili, hata yule wa Ufini anayelalamikia theluji. Hatuna rais, hatupigi kura. Jambo likija tunaongea mpaka tukubaliane wote, na mmoja akisema hapana, jambo linakaa. Kimya si ridhaa. Kanuni hiyo uliiandika wewe, na mimi kila nikiisoma kifua kinajaa.

Lakini mwaka juzi ulijivua uasisi. Ulisema mwasisi ni mwene aliyevaa kandambili, ukazitupa nguvu zako, tukakushangilia. Tangu siku hiyo mlango uko wazi. Unajua mchezo ulivyo: aliye mwanachama wa Baraza la Dunia ndiye tu anayeweza kumuunga mkono mwenzake, na anayeungwa mkono na wengi ndani ya kanda anakuwa Mjumbe. Mjumbe ana funguo. Anaweza kufukuza watu, kubadili bendera, kufuta ubao wetu wote, maneno yote ya miaka sita. Sisi hatujajiunga na Baraza hata mmoja, kwa fahari yetu ya kutotawaliwa. Kunguru wanazunguka kutafuta kanda za namna hiyo. Wanaingia na wanachama wao wachache, wanaungana mkono wao kwa wao, na asubuhi kanda ni yao. Wameshaimaliza ile ya wakulima wa Peru.

Mjomba, nataka tujiunge na Baraza. Wachache tu. Nataka kulileta jambo hili ubaoni, lakini sitaki kulileta kabla hujalisikia kwangu.

Mpwa wako,
Albertina


Mahurunga
27 Januari 2025

Mpwa wangu Albertina,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka papa wa kwenye gari la Mussa, nimeisoma nimebana pua. Mwambie dada yangu Veronika apake magoti mafuta ya nazi na aache kusimama kwenye misa nzima. Mungu anamwona hata akikaa. Mguu wangu siku za jua hausemi kitu. Viboko mpunga wa bondeni wameula, wa juu wameukanyaga, na mimi mwenyewe wamenisalimia. Kwa hiyo tuko salama.

Sasa nije kwenye upuuzi wako.

Bibi yangu mimi alizaliwa Kionga, hapo ng'ambo ya mdomo wa mto. Akiwa binti mdogo alikuwa chini ya Mjerumani, akaja kuambiwa sasa yuko chini ya Mreno, na mafiga ya mama yake hayajasogea hata kidole kimoja. Nani aliamua? Mkutano. Wapi? Ulaya. Aliitwa? Hakuitwa. Na huu mto ninaouona kutoka mlangoni kwangu, ambao shangazi yako akikohoa upande ule mimi huku nasema pole, umefanywa mpaka na watu ambao hawajawahi kulowa hata kucha ndani yake. Halafu wewe, damu ya watu hao waliohamishwa nchi bila kuhama nyumba, unaniambia tukakae kwenye Baraza la Dunia!

Sisi hatukuwa na mfalme, Albertina. Wengine walikuwa na masultani wao, na machifu wao wa kupigiwa magoti. Kwetu kila kaya ilikuwa na mkulungwa wake, mzee wa kusuluhisha tu, na mkulungwa akianza kuvimba kichwa watu walikunja mikeka, wakaenda kufyeka kwingine, wakamwacha awatawale panzi. Hicho ndicho kitu ninachojivunia mimi kuliko shamba, kuliko hii nyumba ya bati. Nikipita mjini kwenye maofisa wenye matumbo nawaambia kimoyomoyo: babu yangu hakumpigia mtu goti.

Baraza likipitisha azimio, linambana kila mwanachama. Likisema kila taifa liwe na gereza, utajenga gereza. Likisema kila taifa liwe na askari wenye sare, utashona sare. Huwezi kuingia ngomani ukasema mimi nimekuja kusimama tu. Mwenye kukataa utawala halafu akajiandikisha kwenye utawala wa dunia nzima, huyo hata kunguru anamcheka.

Ukilileta ubaoni nitasema hapana. Na hapana moja inatosha.

Nimempa Mussa mihogo ya mama yako. Mwambie asikaange, achemshe.

Mjomba wako,
Domingo


Ufukoni
9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya kuomba nisipigwe. Mihogo imefika, mama kaikaanga. Kasema wewe ni mdogo wake, usimfundishe kupika. Mvua huku imeanza kutia fujo, maji yaliingia dukani mpaka kwenye droo ya chini, lakini mashine ya kopi imepona, asante Mungu. Sabra anakusalimia, na anasema barua yako ya Kionga angeibandika ukutani kama si jinsi inavyonuka.

Umesema vizuri mno, Mjomba. Niliisomea mama kwa sauti, akalia kidogo. Halafu akanikumbusha jambo, nami nakurudishia kama lilivyo.

Unamkumbuka Bibi Martha, mama yenu, mwaka ule wazee wa kijiji walipotaka kugawa shamba la mtoni. Kikao kilikuwa cha wanaume. Bibi hakukikubali kikao kile, alikuwa akikiita kikao cha kikohozi. Lakini siku yenyewe alibeba ungo wake wa mihogo, akaenda, akakaa katikati yao, akaanza kumenya. Kila mzee alipofungua mdomo kulitaja lile shamba, Bibi aliinua macho akamtazama, kisu mkononi. Waliongea habari za choo cha shule mpaka jua likazama, shamba halikutajwa. Mpunga unaoliwa na viboko wako leo uko juu ya shamba lile.

Je, Bibi siku ile alikuwa mtu wa baraza? Aliwapigia goti? Hiyo ndiyo damu ninayoiringia mimi, Mjomba. Bibi hakwenda pale kutawaliwa wala kutawala. Alikwenda ili wasigawane chake akiwa hayupo.

Kunguru wameonekana. Mataifa matatu mapya yameingia kwenye kanda jirani, yote yana majina ya ndege. Nimelileta jambo ubaoni juzi. Wote wamesema, wengi wamekubali, wachache wamenung'unika kisha wakakubali. Umebaki wewe. Njoo useme, hata kama ni kunitukana. Mwisho wa mwezi huu Kunguru wana sherehe yao ya mwaka, na Sabra anasema sherehe yao huwa ni uvamizi.

Albertina


Mahurunga
20 Februari 2025

Albertina,

Radi imepiga mnara, hakuna mtandao tangu Jumapili. Siwezi kufika ubaoni, kwa hiyo ubaoni nifikishe wewe. Andika hivi, kwa mkono wako, na jina langu chini yake: Domingo wa taifa la Kionga Huru anasema hapana. Kumtaja mama yangu hakujanibadilisha, kumeniongezea hasira tu, kwa kuwa ulichosema ni kweli na hakihusiani.

Barabara naambiwa inakatika. Nampa Mussa hii leo hii.

Domingo


Ufukoni
5 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa hatuna habari zako. Mussa hajaonekana tangu barabara ikatike, na simu yako inasema haipatikani. Mama ameanza kukuombea kwa jina, kila usiku, nami namwambia mtu aliyeshindikana na viboko hatashindwa na mvua. Lakini kama barua hii imekufika, tafadhali rudisha hata neno moja.

Nina habari kubwa na sijui nianzie wapi. Kaya ipo! Nianzie hapo.

Jambo letu lilikaa. Wewe hukusema, na kimya si ridhaa, kwa hiyo kanda haikuweza kuamua kitu. Sikuivunja kanuni yako, naapa. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema hakuna wa kumzuia mtu kufanya lake kwenye taifa lake. Basi tarehe ishirini na nne nilijiunga na Baraza la Dunia peke yangu. Nikaandika ubaoni: nimejiunga kwa jina langu, si kwa jina la Kaya, atakayenifuata anifuate kwa miguu yake.

Kesho yake Kunguru wakaingia. Unajua mchezo huhesabu mara moja tu kwa siku, kwetu ni saa moja asubuhi. Waliingia saa moja kasoro dakika chache, wengi kama siafu, na hesabu ilipopita Mjumbe alikuwa wao. Mjomba, niliketi dukani, wateja wamepanga foleni, nikaiona bendera yetu ya mikeka imeshushwa na ya kunguru imepandishwa. Waliandika: Asanteni kwa kutuachia mlango wazi. Wakamfukuza yule wa Ufini, wakamfukuza na mama wa Brazili, na wakatangaza kuwa kesho yake wanaufuta ubao. Nililia mbele ya mzazi aliyetaka kopi ya cheti cha kuzaliwa. Akadhani nimefiwa, akaniachia chenji.

Siku ile ilikuwa na kazi. Sabra alijiunga. Wale wa ng'ambo wakajiunga. Watu ambao hawajawahi kujiandikisha popote, Mjomba, hata kwenye kadi ya chama, mmoja mmoja walikuja kujiunga na kuniunga mkono mimi. Wale wawili waliofukuzwa walijaribu kurudi. Mjumbe wa Kunguru kila akifukuza mtu nguvu zake zinapungua, naye alikuwa amezila zote asubuhi kwa majivuno. Hakuwa na kitu cha kuturushia.

Saa moja ya kesho yake ikapita. Nikatazama. Mjumbe wa Kaya Bila Mwene: taifa la Ufukoni Kwetu. Mimi! Bendera ya mikeka niliipandisha kwa kidole hiki hiki kinachobonyeza kopi.

Sijawahi kujisikia hivi. Nakuandikia nikiwa nimenyoosha mgongo.

Mpwa wako, Mjumbe,
Albertina


Mahurunga
23 Machi 2025

Albertina,

Niko hai. Mwambie mama yako asiniombee kwa jina usiku, aniombee mchana nikiwa shambani, huko ndiko kwenye mamba. Maji yalifika mpaka kwenye mwembe wa jirani, yakarudi. Kuku wawili wamekwenda na mto. Nimepokea barua yako ya ushindi jana kwa mkono wa mvuvi mmoja, na hii namrudishia yeye.

Nataka kujua kwanza: hapana yangu iko wapi? Niliandika tarehe ishirini ya Februari nikampa Mussa. Ama Mussa ameila, ama imefika na kuna mtu ameikalia.

Pili. Umefurahi kwamba umeishusha bendera ile, yule kunguru wao mwenye macho mekundu na taji kichwani. Sawa, umemtoa. Na nani amekaa pale? Wewe. Kuna mtu mwenye funguo kwenye kanda niliyoijenga ili pasiwe na mtu mwenye funguo, na mtu huyo anasaini barua kwa cheo! "Mpwa wako, Mjumbe." Niliposoma hapo nilikaa chini.

Tatu, Baraza lenu. Tayari naambiwa taifa lako limebanwa na maazimio yote ya zamani. Una waziri wa magereza. Una sare za posta. Una tume ya kulinda nyangumi, na huna nyangumi hata mmoja. Haya ndiyo niliyokuambia Januari.

Tumebishana vya kutosha. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mwisho ni la mjomba. Baba yako mwenyewe, Mungu amrehemu, alilijua hilo na aliliheshimu. Basi sikusihi tena. Kama mjomba wako nakuamuru: jivue ujumbe, jitoe kwenye Baraza, kabla ya Pasaka. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mjomba wako,
Domingo


Ufukoni
4 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama anashukuru kwa habari za uzima wako, kuku ameshawasamehe. Kasema pia nisikuandikie nikiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja wiki nzima, na hasira ipo pale pale, kwa hiyo naandika.

Hapana yako imefika. Mussa aliileta tarehe ishirini na tisa ya Machi, imeganda kwa tope, gari lake lilikaa kwenye korongo siku nyingi na mfuko wa barua ukiwa chini ya kiti. Niliifungua dukani, peke yangu. Siku hiyo hiyo niliiandika ubaoni kama ulivyoagiza, kwa mkono wangu, na jina lako chini yake, na ule mstari wa Bibi sikuupunguza. Nenda ukaangalie. Ilikuwa inanipinga mimi, na nimeibeba mimi.

Na kwa kuwa tunaulizana: mnara wenu umekufa kwa radi tangu Februari, na mimi kwenye barua yangu sikuandika kunguru ana macho ya rangi gani, wala sikutaja taji. Umeyaona wapi, Mjomba?

Sasa amri yako. Kunguru hawakuniamuru, walinivamia. Baraza nalo halijaniamuru. Limenibana na maazimio, ndiyo, na gereza nimelijenga, halina mlango, tunaanikia makopa ya mihogo. Lakini kila azimio jipya linaniuliza kura yangu kwanza. Tangu nijiunge, mtu wa kwanza kuniambia "nakuamuru" ni wewe. Wewe! Mtu uliyenifundisha kukataa. Babu yako hakumpigia mtu goti, na mimi unataka nikupigie kwa posta.

Ujomba wako naupenda, umenilea. Lakini kwenye Kaya haumo. Hakuna mjomba kule, hakuna mpwa. Hiyo nayo uliiandika wewe.

Basi sikiliza tulichokiongea wakati wewe uko kwenye maji. Funguo zitakwenda kwa zamu, mwezi mmoja kila mtu, kama tunavyolimiana mashamba. Wote wanaotaka watajiunga na Baraza ili kila mmoja awe na mkono wa kuunga na mkono wa kuondoa. Mjumbe atapeleka barazani neno la Kaya tu, kama Mussa: anabeba, hafungui. Kaya ikiwa haijakubaliana, hapigi kura. Wote wamesema ndiyo. Umebaki wewe, tena.

Ukisema hapana, natoka, na Kunguru wakirudi na warudi. Nimeapa mbele ya wote. Lakini uiseme kule, mbele ya watu, kama jirani. Barua ya amri sitaijibu nyingine.

Albertina


Mahurunga
22 Aprili 2025

Albertina,

Pasaka imepita salama. Nilikula samaki wa kupaka peke yangu nikakukumbuka, unavyopenda kichwa. Mnara umetengenezwa Alhamisi Kuu.

Umeniuliza nilimwona wapi kunguru. Nilikwenda Kilambo. Nilipanda boda, huu mguu umenyooshwa mbele kama ufito, kwa kuwa niliambiwa kule mtandao unashika. Nilikaa kwa mama ntilie, nikanunua chai nisiyoitaka, nikafungua mchezo, nikaona bendera yao. Nilikuwa naweza kujiunga pale pale na kukuunga mkono, kidole kilikuwa juu ya kitufe, nikakiondoa. Nikalala Kilambo. Asubuhi, saa moja ilipopita na nikaona jina lako limepanda, nilipiga kelele. Mama ntilie akauliza kama timu yangu imefunga bao. Nikamwambia ndiyo, na aliyefunga ni mtoto wangu. Hayo sikukuandikia kwa sababu ya kiburi, na kiburi hicho unakijua, unacho.

Jana nilikwenda ubaoni kusema hapana. Nilikuwa nimeiandaa ndefu, yenye Kionga ndani. Nikakuta hapana yangu ya Februari pale juu, umeiweka neno kwa neno. Ungeweza kuitia jikoni, hakuna ambaye angejua, Mussa hajui kusoma mwandiko wangu. Niliitazama sana. Nimeishi miaka sitini na moja nikiogopa mtu mwenye funguo, na sijawahi kukutana na mwenye funguo aliyebeba neno la kumpinga yeye mwenyewe akalifikisha likiwa zima.

Nimeandika ndiyo. Soma mwenyewe, ni neno moja.

Amri yangu naifuta. Nilitamka kwa ujomba kwa kuwa hoja zilikuwa zimeniishia, na mkulungwa wa namna hiyo ndiye ambaye wazee wetu walimwachia panzi. Tena nimejiunga na hilo Baraza lenu. Kionga Huru sasa ina waziri wa magereza na mimi nimemtuma akafukuze viboko.

Najivunia wewe mpaka nashindwa kukaa.

Domingo


Ufukoni
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama kaisoma barua yako mwenyewe, miwani puani, kisha kaikunja kaiweka kwenye kitabu chake cha sala. Nimemwomba anirudishie, kakataa. Magoti yamepata nafuu, juzi kacheza ngoma kwenye harusi ya mtoto wa jirani na leo anasingizia hali ya hewa. Duka tumepaka rangi.

Nadhani umeshaona. Zamu yangu iliisha, na Kaya yote ilipoulizwa nani anafuata, Sabra alisema: yule aliyekataa kuliko wote. Hakuna aliyesema hapana. Nilisubiri kwa hamu uikatae, hukuikataa, ukaandika tu "nitabeba". Kwa hiyo tangu Jumatano Mjumbe wa Kaya Bila Mwene ni Domingo wa Kionga Huru. Nilimwambia kila aliyekuja dukani. Mwalimu mmoja wa sekondari alinipa hongera akidhani umechaguliwa Dodoma, sikumsahihisha.

Kuna jambo nimefanya, na nakuambia kabla hujaambiwa na mwingine. Juzi saa mbili asubuhi niliondoa mkono wangu kwako. Sabra akauondoa wake, yule wa Ufini wake, wale wa Brazili wao, wote, mmoja mmoja. Hesabu ya jana saa moja ilipopita ulikuwa si kitu, Mjomba. Raia tu, kama mtoto aliyejiunga leo. Hukuwa na kosa lolote, unabeba vizuri kuliko mimi. Tulitaka kuona kama mlango unafunguka hata kwa mtu tunayempenda.

Unafunguka. Asubuhi ile ile tukakurudisha wote, na leo uko mahali pako. Mwezi wangu ukirudi, nijaribuni na mimi.

Albertina